Ufa Uliomo Ndani ya Maji Yetu

Meno yangu ya mbele yana rangi ya kahawia, na mawili ya juu yana mstari mweusi unaokatiza katikati kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Nilizaliwa katika kijiji kilichopo kwenye mteremko wa Mlima Meru, na huko meno ya namna hii hayamshangazi mtu. Bibi yangu alikuwa nayo, kaka zangu wanayo, na wenzangu wengi wa darasa la kwanza walikuwa nayo. Nilipofika Dar es Salaam kwa masomo ndipo nilipoanza kuulizwa kama ninavuta sigara. Sikuwa na jibu. Nililipata miaka michache baadaye, nilipokuwa nikijiandaa kufundisha jiografia, nalo lilinitoa kwenye chemchemi ya kijijini, likanipitisha kwenye majivu ya volkano na kunishusha kilomita nyingi chini ya ardhi, kule Bonde la Ufa linakoanzia.

Ninaandika haya kwa sababu watu wengi ninaozungumza nao hulichukulia Bonde la Ufa kuwa jambo la siku zijazo: siku moja ardhi itafunguka, bahari itaingia, na Afrika itakuwa vipande viwili. Kwa maoni yangu, kungoja siku hiyo kunatufanya tusione kwamba jambo lenyewe lilikwisha kuanza zamani sana, na kwamba limo katika maji tunayochota, katika magadi tunayotia kwenye makande na katika kuta za nyumba zetu.

Mwezi Machi mwaka 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulitokea karibu na Mai Mahiu nchini Kenya na kuikata barabara iendayo Narok. Video zake zilizunguka kwenye simu za watu kwa siku kadhaa. Mama mdogo alinipigia usiku, na nilipomwamkia aliitikia kwa haraka.

"Marahaba. Mwanangu, umeona? Afrika imeanza kukatika. Sisi tutabaki upande gani?"

Nilimweleza kwamba ufa ule ulichimbwa na maji. Eneo lile limefunikwa na majivu laini ya volkano yaliyorundikana tabaka juu ya tabaka, na maji ya mvua yanapopenya humo huyachukua majivu kidogo kidogo, chini kwa chini, mpaka unabaki mfereji uliofunikwa na udongo mwembamba. Mvua kubwa ikija, dari ya mfereji huo huporomoka na watu huona ardhi imepasuka ghafla. Wanajiolojia walilieleza hilo mapema, lakini maelezo yao hayakusambaa kwa kasi ya zile video. Mwendo halisi wa ardhi hauwezi kunaswa na simu. Mabamba mawili (vipande vikubwa vya tabaka gumu la nje la Dunia) yanayotengana, la Nubia upande wa magharibi na la Somalia upande wa mashariki, huachana kwa milimita 6 hadi 7 hivi kwa mwaka kule Ethiopia, na kwa takriban milimita 3 tu katika Tanzania ya kaskazini, kama inavyopimwa na vituo vya GPS vilivyosimikwa kwenye miamba. Kwa hesabu hiyo, tangu Tanganyika ipate uhuru mwaka 1961, mwendo wote wa upande wetu haujatimia shibiri moja.

Swali lake la upande gani, hata hivyo, lilikuwa swali zuri, na lilistahili jibu la kweli. Mama mdogo anaishi Tanga, kwa hiyo yuko juu ya bamba la Somalia. Mwanawe anafanya kazi Mwanza, juu ya kipande kikubwa cha ardhi kilichobanwa kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, ambacho wataalamu hukiita bamba dogo la Victoria na ambacho kinajizungusha taratibu mno kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Katikati ya kipande hicho kuna mwamba mkongwe wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, mnene na mgumu kiasi kwamba mpasuko ulipoufikia ulishindwa kuukata, ukauzunguka pande zote mbili. Ndiyo maana tuna mkono wa mashariki unaopita Turkana, Nakuru, Naivasha, Natron na Manyara, na mkono wa magharibi unaopita Ziwa Albert, Kivu, Tanganyika na Rukwa hadi Nyasa. Ziwa Victoria lenyewe, ambalo wanafunzi wangu wengi huliweka ndani ya ufa bila kusita, limekaa kwenye beseni pana lililo kati ya mikono hiyo, na mahali penye kina kirefu zaidi ni kama mita 80 tu.

Ili kuelewa ardhi inavutwa na nini, ni lazima tushuke. Kutoka tulipo hadi katikati ya Dunia ni kilomita 6,370 hivi, na hakuna aliyekaribia hata kidogo. Shimo lenye kina kirefu kuliko yote yaliyochimbwa na binadamu, lile la Kola nchini Urusi, liliishia mita 12,262 mwaka 1989, nalo halikutoka hata ndani ya ganda la nje. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu huko chini imetokana na matetemeko ya ardhi. Mawimbi ya tetemeko hupita ndani ya Dunia nzima, hubadili kasi na kupinda yanapoingia tabaka jingine, na aina moja ya mawimbi hayo haipiti kabisa kwenye kimiminika. Kwa kuchunguza ni wapi mawimbi yalifika na ni wapi yalikosekana, mwanasayansi wa Denmark, Inge Lehmann, alionyesha mwaka 1936 kwamba ndani ya kiini cha kimiminika mna kiini kingine. Ninamheshimu sana mama huyu: alitambua umbo la kitu kilicho zaidi ya kilomita 5,000 chini ya miguu yake kwa kukaa mezani na rekodi za matetemeko.

Matabaka yenyewe yanaweza kutajwa kwa haraka. Juu kuna ganda, lenye unene wa kilomita 30 hadi 50 hivi katika sehemu kubwa ya mabara na kilomita 7 hivi chini ya bahari. Chini yake kuna koti, linaloshuka hadi kilomita 2,900 hivi. Kisha kuna kiini cha nje, cha chuma na nikeli vilivyoyeyuka, ambavyo mwendo wake ndio unaoipa Dunia usumaku wake. Na mwisho kiini cha ndani, ambacho kimebaki kigumu ijapokuwa joto lake linazidi nyuzi 5,000 za Selsiasi, kwa kuwa mgandamizo wa huko haukiruhusu chuma kuyeyuka.

Ningependa kukaa zaidi kwenye koti, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya. Kwa miaka kadhaa niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba mabara yanaelea kama utando juu ya uji wa moto. Ni mfano unaokumbukwa kirahisi, na unapotosha. Koti ni jiwe, na karibu lote ni gumu. Kama lingekuwa uji, yale mawimbi yasiyopita kwenye kimiminika yasingeweza kulivuka, ilhali yanalivuka kila siku. Siku hizi natumia mfano wa lami. Barabara inayopita kijijini kwetu ilipokuwa ikijengwa, mapipa ya lami yaliachwa kando ya njia, na moja lililopasuka lilikuwa limelala ubavu. Tulikuwa tukiigonga lami ile kwa mawe asubuhi za baridi za mwezi wa saba, nayo ilivunjika vipande vyenye kingo kali kama chupa. Tuliporudi kutoka likizo tulikuta imetoka pipani yenyewe na kutambaa chini hatua nzima, imefunika majani na kijiti kimoja kilichosimama kando yake. Ilikuwa lami ileile. Tofauti ilikuwa muda. Koti nalo likipigwa kwa ghafla na tetemeko hujibu kama jiwe, lakini likisukumwa na joto kwa mamilioni ya miaka hutiririka, sehemu za moto zikipanda na zilizopoa zikizama.

Juu ya mtiririko huo yamekaa mabamba, na bamba ni ganda pamoja na sehemu ya juu kabisa ya koti iliyopoa na kukakamaa, mara nyingi unene wa kilomita 100 hivi kwa jumla. Alfred Wegener wa Ujerumani alipotangaza mwaka 1912 kwamba mabara yanahama, wengi walimkatalia kwa sababu hakuweza kuonyesha nguvu inayoyasukuma. Alifia kwenye barafu ya Greenland mwaka 1930, kabla ya uchunguzi wa sakafu za bahari wa miaka ya 1950 na 1960 kumpa haki yake. Penye mabamba yanayogongana, moja huzama chini ya jingine au yote mawili hukunjamana kuwa milima kama Himalaya. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbali na mipaka ya namna hiyo, ingawa siyo mbali vya kutosha: tarehe 26 Desemba 2004 bamba lililoteleza chini ya Sumatra lilituma mawimbi yaliyovuka Bahari ya Hindi yote na kuwaua watu waliokuwa wakiogelea katika fukwe za Dar es Salaam.

Kwetu ardhi inavutwa. Kutoka chini sana ndani ya koti kunapanda mawe yenye joto kali, nayo yameinua nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya kama mtu anayesukuma mkeka kwa goti akiwa chini yake. Bamba lililoinuliwa hivyo hutanuka, huwa jembamba, kisha hukatika kwa mipasuko ya mshazari, na kipande kilichoko katikati huteleza kushuka. Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory, alipolitembelea bonde hili mwaka 1893, alitambua kwamba halikuchimbwa na mto wowote, bali sakafu yake ilizama katikati ya kuta zilizobaki juu. Kwangu neno kuzama linafaa kuliko kupasuka, kwa kuwa mtu anayesikia neno ufa hutafuta mahali palipo wazi, ilhali mahali hapo pamekwisha kuzibwa na ardhi iliyoshuka, na juu yake tumejenga, tumelima na tumezika.

Mahali pa kulitazama hili kwa macho ni barabara ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Gari linaacha migomba, linaanza kupanda kwa kona kali, na kwa dakika chache unakuwa juu ya ukingo, Ziwa Manyara likiwa chini kabisa, jeupe pembezoni kwa chumvi. Ukuta ule wote ni uso wa mpasuko mmoja; ardhi uliyoiacha chini na ardhi uliyosimama juu yake zilikuwa uwanda mmoja. Nikiwa na wanafunzi huwaambia wageuke mashariki wautafute ukuta wa pili, nao hawauoni, kwa sababu haupo. Katika sehemu hii bonde limezama upande mmoja tu, kama mfuniko wa sanduku wenye bawaba upande wa mashariki uliobonyezwa kwa ndani upande wa magharibi. Maji yanayonyesha nyanda za juu za Ngorongoro hupenya kwenye miamba na kutokea chini ya ukuta huo kwa chemchemi nyingi, nyingine baridi na nyingine za moto, na chemchemi hizo ndizo zinazoustawisha msitu mzito ulio chini ya ukingo, mahali ambapo mvua peke yake isingetosha.

Mkono wa magharibi umezama zaidi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na kwa kuwa uso wake uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya bahari, katikati ya bara. Watu wa upande huo wanaujua mwendo wa ardhi kwa gharama kubwa kuliko sisi. Wakazi wa Goma waliona lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji wao tarehe 17 Januari 2002, wakakimbia tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Rukwa ilitikiswa tarehe 13 Desemba 1910 na tetemeko la ukubwa wa 7.4 hivi, mojawapo ya makubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Afrika. Tetemeko la Kagera la Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilikuwa dogo kwa kulinganisha, lakini liliwaua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba kwa maelfu. Nilizitazama picha za nyumba zile kwa muda mrefu. Kuta nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yaliyoshikamanishwa kwa udongo, bila nguzo na bila lenta ya kuzifunga pamoja, na nimeona fundi akijenga hivyohivyo kwetu mwezi uliopita. Inaniuma kwamba tunamfundisha mtoto majina ya mabamba yote makubwa ya dunia lakini hatumwambii lenta ni ya kazi gani.

Sasa narudi kwetu, kwenye meno. Ardhi inapovutwa na kuwa nyembamba, jiwe la koti lililo chini yake hupanda, na kadiri linavyopanda ndivyo mzigo unaolikandamiza unavyopungua. Niliposoma jambo hili mara ya kwanza nilirudia kulisoma: jiwe hilo haliongezewi joto hata kidogo, linapunguziwa mzigo tu, na hilo linatosha kuyeyusha sehemu yake. Rojo linalopatikana hupanda kupitia mipasuko, na ndilo lililojenga Kilimanjaro ya mita 5,895 na Meru ya mita 4,566, ambao ulilipuka kwa mara ya mwisho mwaka 1910, na pia ule mlima wa Ngorongoro uliokuja kuporomoka ndani yake wenyewe na kuacha shimo lenye upana wa kilomita 20 hivi.

Miongoni mwa milima hiyo yote, Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, hauna mwenzake duniani. Ndio volkano hai pekee inayojulikana kutoa lava iliyojaa kaboneti ya sodiamu, yaani kitu kile kile kinachounda magadi. Lava ya kawaida huwa na joto la nyuzi 1,100 hivi. Hii ya Lengai haifiki hata 600, hutiririka nyepesi kama mafuta, na mchana huonekana nyeusi kama tope. Ikishapoa hufyonza unyevu wa hewa, na baada ya muda mfupi hugeuka kuwa nyeupe, hata kilele cha mlima kikaonekana kwa mbali kama chenye theluji. Mvua huyaosha hayo yote kuyapeleka Ziwa Natron, ambako heroe huzaliana, na sehemu nyingine hubaki kama ukoko wa chumvi juu ya ardhi ambao watu huukwangua na kuupeleka sokoni. Bibi yangu alikuwa na kipande chake cha magadi kwenye kopo lisilo na mfuniko karibu na mafiga, cha kijivu, kigumu, na kila alipopika makande alikimega kwa kisu akatia chembe ndani ya chungu ili mahindi yaive upesi na kuokoa kuni. Hakujua, wala sisi hatukujua, kwamba pamoja na magadi alikuwa akitutilia pia floridi.

Volkano za ukanda huu, kwa majivu yake na miamba yake, zina madini mengi ya floridi. Katika sehemu nyingi za dunia kalsiamu iliyomo majini huikamata floridi na kuishusha chini, lakini maji ya miteremko yetu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floridi huendelea kuogelea humo, bila rangi, bila harufu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi na visima vingi vinavyozunguka Meru vinapita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi huyapata yakiwa tayari na madoa, na anayeyanywa kwa wingi kwa miaka mingi huathirika hadi mifupa: nimewaona wazee wasioweza kunyoosha migongo, na vijana wenye miguu iliyopinda, katika vijiji vyenye udongo mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona. Udongo unaozaa kahawa na ndizi zetu na maji yanayotuharibu mifupa vimetoka kwenye mlima mmoja.

Kaka yangu bado anaishi kwenye shamba la wazazi wetu. Jikoni kwake kuna ndoo kubwa yenye koki, na ndani yake kuna mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa vipande vidogo, vyeusi, kama punje za mchele. Maji humiminwa juu na hutoka chini polepole. Kuijaza sufuria moja kunachukua muda, na baada ya miezi kadhaa mkaa huo hushiba na lazima ubadilishwe. Madini yaliyomo kwenye mfupa huivuta floridi na kuishika, na jino limeumbwa kwa madini ya aina hiyohiyo, kwa hiyo mifupa ile inafanya ndani ya ndoo kazi ambayo meno yangu yaliifanya nilipokuwa mdogo. Nilikuwa huko mwezi wa sita. Binti wa kaka ana miaka saba, na meno yake mawili ya mbele, yale ya ukubwani, yametoka mwaka huu. Alinionyesha kwa kuuvuta mdomo wa juu kwa vidole. Ni meupe yote mawili. Ndoo ile waliinunua mwaka aliozaliwa.